Nyuki Waliotua Kwenye Gauni la Harusi

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuna aliyejua kupinda nguo kama yeye. Ukivaa sketi aliyoipinda kwa mkono wake, hata ikupige mvua ya mawe, uzi hauachii. Kichumba chake cha kushonea kilitazama barabara, cherehani cha kukanyaga kikiwa karibu na mlango ili kipate mwanga. Nyuma ya kichumba hicho ndiko alikoishi na mumewe, fundi mwashi, mtu mrefu mwenye maneno mengi na viganja vilivyokaukiwa na saruji.

Mambo ya nyuki hayakuwa yake. Yaliingia kwa mlango wa kazi. Siku moja seremala wa mtaa wa pili, mwenyekiti wa chama kidogo cha wafuga nyuki, alikuja na kipande cha wavu mkononi.

"Dada yangu, nishonee kofia ambayo nyuki haingii," alisema. "Ile ya kwanza nilijishonea mwenyewe, na matokeo yake unayaona."

Matokeo yenyewe yalikuwa jicho moja lililovimba kama limau. Mama Pindo alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akamshonea.

Kofia moja ikazaa nyingine, na kofia zikazaa ovaroli. Wanachama walikuwa wachache na kila mtu alikuwa na kazi yake: kinyozi, mkunga, dereva wa lori, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na wengine wa namna hiyo. Hakuna aliyetarajia kujenga nyumba kwa asali. Walikutana Jumamosi nyuma ya karakana ya seremala, wakikalia mbao zilizokwisha kurandwa, wakipeana habari. Mzinga wa kinyozi umevamiwa na siafu. Nyuki wa mkunga wamehamia kwenye dari ya jirani, na jirani hasalimii tena.

Mama Pindo alikwenda mara ya kwanza kuangalia tu kama lastiki za mikononi zinabana. Akaumwa puani. Jumamosi iliyofuata akarudi, pua ikiwa bado nyekundu. Mumewe alipomuuliza anafuata nini huko, alimjibu kwamba ukiweka sikio kwenye mzinga unasikia mlio kama wa cherehani kinachokwenda vizuri, na yeye akisikia mlio huo roho inamtulia.

"Cherehani unacho hapa nyumbani," mwashi alisema, "na hakijakuuma hata siku moja."

"Kimenichoma sindano mara ngapi?"

Mwashi akacheka, akaenda kunawa saruji mikononi.

Seremala akamtengenezea mzinga, nao ukawekwa uani, kwenye kona penye mpera. Kila kitu kilikuwa tayari, ila nyuki wenyewe. Msimu wa maua ukaja, ukapita. Wenzake kwenye chama walirina asali, yeye akawasaidia kuchuja, akarudi nyumbani na nguo zinazonata na mzinga ule ule mtupu. Kinyozi, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe wake, alianza kumwambia mbele ya watu: "Mama Pindo, hewa yako inaendeleaje? Imeshaanza kutoa asali?" Alicheka nao, lakini akifika uani aliutazama ule mzinga kama mtu aliyeandaa meza na wageni wasitokee.

Ndipo ikafika Jumamosi ya ziara. Wanachama walikodi gari kwenda kuwatembelea wafuga nyuki wa ng'ambo ya mto. Mama Pindo alibaki. Alikuwa na gauni la harusi la kumalizia, la binti wa mtu wa posta, na mwenyewe angekuja mchana na shangazi yake kulijaribu kwa mara ya mwisho. Hata ovaroli yake, pamoja na kofia yake ya wavu, alimwazima dereva wa lori, maana ya dereva ilikuwa imepasuka mahali pasipopaswa kupasuka ukienda kwa nyuki.

Asubuhi, kabla ya kazi, alipita uani. Mkunga alikuwa amemwelekeza kupaka ndani ya mzinga nta na mchaichai uliopondwa, kwa kuwa nyuki wanapenda harufu hiyo, na tangu hapo haikupita wiki bila kupaka. Alipaka, akajifuta mikono kwa kitambaa, akaingia kushona. Uzi wa vifungo aliukaza kwa nta ile ile, kama kawaida yake. Vifungo vilishuka mgongoni pa gauni, kimoja chini ya kingine, vidogo kama mbegu za papai, na kila kimoja kilipitiwa na vidole vyake. Alipomaliza alipiga pasi, akalivalisha sanamu la mbao, akalitoa barazani ili unyevu wa pasi ukauke. Kisha akaenda kunywa chai na mumewe.

Kikombe hakijafika nusu, wakasikia mvumo.

"Hiyo ni lori?" mwashi aliuliza.

Mama Pindo alikuwa ameshasimama. Mvumo ule aliujua.

Alipofika mlangoni, hewa ya barazani ilikuwa imejaa nyuki, wakizunguka na kushuka, wakishuka na kuzunguka, na kila waliposhuka walishukia mahali pamoja: mgongoni pa gauni. Muda si muda weupe wa kitambaa ulifunikwa kuanzia shingoni hadi kiunoni. Nyuma yake alisikia mlango wa chumbani ukifungwa na kitasa kikizungushwa.

"Mzee, umejifungia?"

"Nalinda nyumba kwa ndani!" sauti ya mwashi ilijibu.

Akampigia seremala simu. Kelele za gari zilikuwa nyingi.

"Wanarukaruka au wametulia?" seremala aliuliza.

"Sasa wametulia. Wameshikana kama kichala cha zabibu."

"Basi hao wako safarini. Wametoka wameshiba asali, hawana nyumba ya kulinda, hawana ugomvi na mtu. Chukua sanduku, wanyunyizie maji kidogo, halafu ukishaweka sanduku chini yao, uta—"

Simu ikakata, palepale penye maana.

Mama Pindo alibaki na simu sikioni. Angeweza kusubiri wenzake. Lakini kundi lililo safarini halisubiri. Likipata mahali pazuri zaidi linaondoka, na yeye atabaki na hewa yake. Na gauni je? Akavua pete, akavaa koti la mvua la mumewe, akafunga mikono kwa kamba za pindo, akavaa kofia ya kulimia. Juu ya kofia akatupia kipande cha wavu mweupe kilichobaki kwenye shela la bibi harusi, akakichomeka ndani ya kola. Soksi za mwashi zikawa glavu.

Akiwa katika hali hiyo, ndipo wenye gauni walipotokea barabarani. Shangazi alikuwa mbele, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia wagonjwa hospitalini.

"Mama Pindo! Mbona gauni umelitia manyoya? Hatukukubaliana manyoya!"

"Simama hapo hapo, shangazi," Mama Pindo alisema bila kugeuka. "Hayo ni nyuki."

Shangazi hakusimama. Alirudi nyuma kwa kasi ambayo mwili wake haukuwa umeionyesha kwa miaka mingi, akaishia nyuma ya ukuta wa duka la jirani. Bibi harusi, msichana mwembamba anayefanya kazi ya uuguzi, alibaki ng'ambo ya barabara.

"Wanauma?" aliuliza.

"Leo wamechoka. Nikihitaji kitu nitakuita."

Alichukua chupa ya kunyunyizia maji, ile ya kupigia pasi, akawapa nyuki manyunyu membamba kama umande. Wakajikunja zaidi. Akasogeza boksi tupu la vitambaa chini ya sanamu. Mikono yake ilizoea kukata kitambaa ghali ambacho hakina kipande cha pili. Akalishika sanamu mabegani, akavuta pumzi, akalitikisa mara moja, kwa nguvu zake zote.

Kundi likaanguka boksini kwa kishindo laini, kama unga unapomiminwa. Wengine wakaruka wakamzunguka usoni, wakatambaa juu ya wavu mbele ya macho yake. Hakupunga mkono. Akafunika boksi kwa shuka, akaacha upenyo mdogo, akarudi nyuma na kungoja. Sasa mambo yote yalikuwa juu ya malkia. Kama ameingia, wenzake watamfuata. Kama amebaki nje, watatoka wote.

Kwenye ule upenyo wakatokea nyuki wachache, wakainua mikia, wakaanza kupiga mbawa wakiwa wamesimama palepale. Wakiita. Waliobaki kwenye gauni wakaanza kushuka na kuingia, wakifuatana kama wanafunzi wa darasa moja.

"Ameingia!" Mama Pindo alipiga kelele. "Mzee, malkia ameingia!"

"Malkia gani?" mwashi aliuliza kutoka chumbani.

Bibi harusi alicheka sana, akavuka barabara. Gauni lilikuwa na madoa madogo ya manjano mgongoni. Mama Pindo aliyafuta kwa maji ya uvuguvugu na sabuni mpaka pakawa peupe tena, na harusi ilipofika, shangazi ndiye aliyekuwa akimweleza kila mtu kwamba gauni lile lilichaguliwa na nyuki.

Jua liliposhuka alilibeba boksi hadi uani, akawamimina mzingani. Seremala na wenzake walipita hapo wakitoka safari, wamejaa vumbi. Alipowasimulia habari ya mchaichai na vifungo, seremala alijipiga paji la uso.

"Umewaita kwa mikono yako! Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Wewe wamekufuata."

Kinyozi alitega sikio kwenye mzinga kwa muda mrefu. "Haya," alisema, "hewa imejibu." Akampa mkono.

Mwashi aliona aibu ya kitasa siku mbili tatu. Kisha, bila kuombwa, akajenga vijiguu vinne vya zege chini ya mzinga, kila kimoja na kijifereji cha kutilia oili chafu, siafu wasipande. Kazi hiyo aliifanya akiwa amevaa ovaroli mbili, moja juu ya nyingine.

Mama Pindo alirina msimu uliofuata. Haikuwa asali nyingi, lakini ilikuwa nyeusi na nzito, na alimwachia kila mwanachama kijiko. Mkunga alileta habari kwamba jirani yake ameanza kusalimia tena. Mwalimu wa hesabu alisinzia kwenye mbao. Siku hiyo chama kilimpokea mwanachama mpya, yule muuguzi mwenye gauni, aliyekuja na mume wake amshike mkono. Mama Pindo alitoa futi shingoni, akamwambia anyooshe mikono, akaanza kumpima ovaroli.