Kamera Kubwa ya Jemima na Ile Ndogo ya Ndani

Mtaa mzima wa Bungulu, pale Beni, ulijua kwamba Jemima anaweza kuvuta video. Telefone yake yenye kioo kilichopasuka ilikuwa imeonyesha akina mama wakisonga bugali, vijana wakiosha pikipiki mtoni, mvua ikianguka juu ya migomba, na waliotazama walikuwa wanarudia kutazama. Lakini harusi ni kitu kingine. Alipokwenda kwa Papa Kambere, baba wa rafiki yake Berthe, kuomba avute video ya harusi ya Berthe, mzee yule alimwangalia mikononi tu.

"Na telefone?"

"Ndiyo, papa."

"Mutoto wangu, mi naulia batu ng'ombe muzima, kisha unifanyie video na kitu ya kusemea allô? Hapana. Ukuye na kamera. Ukikosa kamera, ukuye kula tu kama bengine."

Siku zile zamu ya likelemba, ile akiba ambayo mama wa soko wanachanga na kupeana mmoja kwa mmoja, ilikuwa imemfikia mama yake Jemima, Mama Solange. Pesa zile zilikuwa za mabati, maana nyumba yao ilikuwa inavuja juu ya kitanda kabisa. Mama Solange alizishika muda mrefu, akaangalia dari, akamwangalia binti yake, akampa.

"Kamata. Mais sikia muzuri. Harusi ya Berthe ikipita na haujanionyesha kitu, kile kitu chako tunakiuzisha na mi nanunua bati yangu. Na wewe unarudi pamoja na mi ku meza ya nyanya."

"Nimesikia, mama."

Kwa hiyo akapanda gari kwenda Butembo, kwenye baridi ya milima, ambako vitu vya bilaya vinajaa madukani: vitu vilivyokwisha kutumiwa huko Ulaya na vikaja huku kuanza maisha ya pili. Kwa Éliakim, mzee mwenye kofia ya sufu na mdomo usiopumzika, pasi, radio na kamera zilikuwa zimelala pamoja kama ndugu. Alipomwona msichana anasimama mbele ya kamera, akainua ile kubwa kupita zote, ya kuwekwa begani.

"Hii njo kamera, binti yangu! Ukiiweka ku bega, hata padiri anapunguza sauti."

Jemima akaigeuza upande. Akafungua kimlango cha pembeni.

"Inatumia kaseti. Kaseti zake ziko wapi, papa?"

"Kaseti... mais, tutatafuta."

"Na batri?"

"Batri ilikufa."

"Donc hii kamera iko na nini?"

"Iko na heshima," akasema Éliakim, na wote wawili wakacheka.

Ndipo Jemima akaona nyingine nyuma ya pasi, ndogo, ya kijivu, kona moja imebonyea, ukubwa wa kipande cha sabuni. Akaiomba. Akawasha taa ya telefone yake akaangaza ndani ya kioo chake, kutafuta kuvu, zile nyuzi nyeupe zinazoota ndani kama utando wa buibui. Hakukuwa na utando. Akavuta video ya ukuta mweupe, akatafuta madoa. Akabonyeza kila kitufe, akakuta kimoja kizito, akakibonyeza tena mpaka akakizoea. Kisha akaiacha juu ya meza inavuta tu, inavuta, apime batri yake, Éliakim akanywa chai yake, akamaliza, akapiga miayo.

"Binti, unataka kuoa kamera ao kuinunua?"

"Papa, hata mwenye kuoa anauliza kwanza ule binti anatoka wapi."

Mzee akapiga meza kwa kicheko. Walibishana bei kidogo, wakapatana, na mfuko wa Jemima ukabaki na nauli tu. Alipogeuka kutoka, Éliakim akamwita.

"Na hii kubwa ubebe. Ni matabishi yako, nyongeza tu. Inanilia nafasi bure."

Njiani kurudi Beni kulikuwa na bariere ya askari. Kamera ndogo ilikuwa ndani ya mfuko, imefungwa na kitambaa cha kichwa. Ile kubwa, kwa kukosa nafasi, ilikuwa juu ya magoti yake. Askari akaingiza kichwa dirishani, akaiona, akarudi nyuma akanyoosha kola.

"Presse? Uko mutu wa habari?"

Jemima hakusema ndiyo wala hapana. Akaweka kamera iliyokufa begani, akafunga jicho moja. Askari akasimama wima, akatazama mbali kama mkubwa wa jeshi, halafu akafungua njia bila kumsumbua mtu hata mmoja.

"Dada," akasema Lukumani, dereva, walipofika mbele, "hii maiti yako iko na nguvu kupita vitambulisho vyetu vyote."

Watu wakacheka mpaka Beni. Jemima alikuwa anapima kwa vidole upana wa tumbo la ile kubwa. Kichwani mwake kitu kilikuwa kimekwisha kujipanga.

Nyumbani akafungua ile kubwa kwa kisu, akatoa matumbo yake yote, akaingiza ile ndogo ndani, akaikaza na vipande vya mpira wa tairi ya kinga, yaani baiskeli, jicho lake likachungulia mahali pa jicho la zamani. Siku ya harusi akatembea na ule mzigo begani, na Papa Kambere mwenyewe akawa anamfungulia njia kanisani.

"Toka pale, weye! Acha kamera ipite! Sasa hii njo kamera!"

Asubuhi yote ilikwenda vizuri. Shida ilikuja mchana, kwenye karamu, chini ya mahema ya plastiki, na jua la Beni likipika watu pamoja na chakula. Koko wa Berthe, bibi yake aliyeteremka toka Masereka milimani na miguu yake ya kuuma, alikuwa anajiandaa kusimama. Watu wote walikuwa wanajua alichobeba: ngoyi yake, ule mkanda ambao mama wa milimani wanaweka kwenye paji la uso kubebea mizigo ya shamba. Alikuwa ameapa kumpa mjukuu wake kwa mkono wake mwenyewe. Mashangazi wakajifunga duara kumzunguka. Jemima akasukuma, lakini bega lenye kamera halikupita.

"Toka na sanduku yako, weye!" shangazi mmoja akamfukuza.

Na hapo hapo kamera ikazimika.

Jemima akagusa sanduku, likamuunguza. Alikuwa amepima kila kitu Butembo, isipokuwa joto, kwa sababu Butembo joto hakuna. Akaona meza ya nyanya mbele yake, wazi kabisa, mpaka na nzi wake. Hakungoja. Akaweka ile kubwa chini mbele ya watu wote, akaivunja kifuniko, akatoa ile ndogo.

Kicheko kilianza nyuma kikafika mbele.

"Kumbe ilikuwa na mimba!"

"Imezaa! Leteni maji ya moto!"

Papa Kambere akaja mbio, tai imepinda. "Jemima! Njo nini hii? Sabuni?"

"Ni kamera, papa. Ile ingine ilikuwa nguo yake."

Akanyakua chupa ya soda baridi kutoka kwenye kreti, akaizungushia kitenge, akakandamiza kamera juu yake kama mtu anayekanda jipu. Koko alikwisha kusimama. Jemima akapita chini ya viwiko vya mashangazi, kidogo kidogo, mpaka akapiga magoti karibu na gauni la Berthe. Akabonyeza kile kitufe kizito. Taa ndogo ikawaka.

Juma lililofuata walijaa sebuleni kwa Papa Kambere, mbele ya televisheni. Kanisa lilipita, ng'ombe akapita, watu wakapiga makelele kila walipojiona. Kisha ikaonekana mikono ya koko, karibu kabisa, na udongo wa Masereka ambao hautoki tena kwenye mikunjo yake, ikimvisha Berthe ngoyi juu ya shela. Sauti yake ya kunong'ona ilisikika kwa Kinande, neno kwa neno, ile baraka ambayo siku ya harusi hakuna aliyeisikia isipokuwa Berthe. Berthe akaanza kulia upya.

"Rudisha," akasema koko.

Jemima akarudisha.

"Rudisha tena."

Papa Kambere alipangusa uso na mkono wa shati. "Mudogo wake Berthe anaolewa Butembo ku Noeli," akasema. "Utakuya. Na mi nakulipa kama batu bakubwa. Ile sanduku uache ku nyumba."

"Na mi pia niko na ndoa mwezi huu!" akaita shangazi, yule yule aliyemfukuza. "Jemima, mama, usinisahau!"

Nyuma, karibu na mlango, jirani mmoja akaona ile kamera juu ya meza, akamnong'oneza Mama Solange: "Kile kitu kidogo njo kilifanya haya yote?"

Mama Solange akapita katikati ya watu, akaichukua, akaifuta na pembe ya kitenge chake.

"Usiite kitu," akasema. "Ni kamera yetu."