Mimea Mitatu Nyuma ya Jiwe

Nilirudi kijijini kwetu Bihambwe mwezi uliopita kushuhudia uzinduzi wa jiwe la kumbukumbu nililolipigania mwenyewe, na nimetoka huko na hasira ambayo mpaka leo sijajua nimpe nani. Keti nikusimulie, maana nyumbani wamechoka kunisikia.

Kama umewahi kupita barabara ya huko, unaijua kona yenyewe, pale mlima unapoinamia njia na dereva anapiga honi kabla ya kukata. Zamani, barabara ilipokuwa inachimbwa kwa majembe na vikapu, mlima uliporomoka hapo ukafunika watu. Baadaye likajengwa jiwe la saruji kando ya njia, na juu yake majina ya wanaume tisa. Nyuma ya jiwe kulikuwa na mimea mitatu ya kuwekea mipaka ya mashamba, ile yenye majani marefu ambayo kwetu hupandwa pia mahali pa marehemu, kwa kuwa haifi upesi. Hiyo aliipanda nyanya yangu, tuliyemwita koko.

Mimea ilikuwa ya wanawake. Nao walifunikwa siku ile, wakiwa wamebeba udongo mgongoni, kamba ya kikapu ikipita kwenye paji la uso. Mmoja, Feza, alikuwa mama yake koko, aliyemwacha kwa shangazi akiwa bado ananyonya. Wa pili, Machozi, alikuwa jirani yao. Wa tatu alitoka mbali, kule msituni Walikale, na hakuwa na ndugu hata mmoja kwetu. Miili yao haikupatikana. Tulipouliza kwa nini hawakuandikwa, koko alijibu bila kuacha kumenya viazi, akimtaja karani wa barabara na liste yake, yaani orodha ya wafanyakazi.

"Kalani aliandika benye walikuwa ku liste. Bamama hawakukuwa ku liste. Lakini udongo haikuuliza liste."

Basi kila Jumamosi asubuhi tulitumwa huko na bidoni za maji, majivu kidogo na konzi za nyasi. Tulisugua jiwe mpaka herufi zionekane. Wachungaji walipita na maziwa wakielekea kwa mtengeneza jibini, wakatusalimu kama watu wenye kazi ya maana, nasi tukavimba vichwa. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukumwa, ziliteremka zimejaa makaa, zikilia kwa magurudumu yake ya mbao, na harufu ya moshi wa mikaratusi ilishuka kutoka mashambani. Ningekuwa na uwezo, ningekuonjesha asubuhi moja tu ya zile.

Jiwe likishatakata, tulizunguka nyuma. Kila mtoto alikuwa na mmea wake. Dada yangu alimwagilia wa Feza, binamu yetu wa Machozi, na mimi, kitinda mimba, nikapewa ule wa tatu, karibu na mtaro penye siafu. Sharti lilikuwa moja: unamwaga maji huku ukiita jina, mara tatu, kwa sauti. Lakini nyumbani kulikuwa na viazi na maharagi vinatokota, na anayefika mwisho alikuta vile vidogo vilivyoungua chini ya sufuria. Kwa hiyo nilimwaga maji yote kwa mpigo, nikalimeza jina nusu, nikatimua mbio. Siku moja koko alinishika mkono.

"Sema jina polepole. Huyu hana mahali pengine kwenye batamuita."

Nilidhani anapenda tu kugombeza.

Kisha tukakimbia vita, tukarudi, tukakimbia tena, mambo unayoyajua. Koko tulimzika mbali na kwao. Binamu naye akafariki. Lori likagonga jiwe likavunjika, na watu wakachukua vipande kuzuia magurudumu ya magari yao kilimani. Niliposikia hivyo sikulala. Miaka mitatu niliandika barua za kuomba jiwe jipya, karani huyu akinituma kwa yule, yule akinirudisha kwa huyu. Mwisho nilipoombwa majina, nilituma picha ya zamani ya jiwe, iliyokuwa inasomeka vizuri. Umeelewa nilichokifanya? Mimi, kitukuu wa Feza, nilituma liste ileile.

Siku ya uzinduzi palikuwa na viti vya plastiki, soda na hotuba tatu ndefu. Kitambaa kikavuliwa, majina tisa yakang'aa, nikapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Ndipo nikazunguka nyuma kama nilivyozoea. Palikuwa na kokoto nyeupe zilizosawazishwa, na visiki vitatu vibichi. Vijana walikuwa wamefanya salongo alfajiri, usafi wa kijiji. Nilimwendea kiongozi wao, naye akaniangalia kwa adabu kabisa.

"Papa, tulizania iko pori tu. Tulitaka pakuwe propre, safi kabisa, juu ya fete ya leo."

Ningemtukana kwa sababu gani? Nani alimwambia? Jiwe halikumwambia, nami sikuliambia jiwe.

Niliteremka bondeni na viatu vyangu vya sherehe kutafuta mashina waliyoyatupa. Nikapata matatu ambayo mbuzi hawajayaguguna. Mmea ule ukiuchomeka tu ardhini unashika, hiyo ndiyo sifa yake. Nikaondoa kokoto, nikayachomeka, nikaazima bidoni kwa mama mmoja wa jirani. Feza, mara tatu. Machozi, mara tatu. Kwenye la tatu nikafungua mdomo, na mdomoni hamkuwa na kitu.

Nikampigia simu dada yangu palepale. Akajaribu majina mawili, akayakataa mwenyewe.

"Ule alikuwa wako, kaka," akasema. "Ni weye njo ulikuwa unamuita."

Nyuma yangu watu walikuwa wanapiga picha na jiwe. Nilimwaga maji polepole, kama nilivyoagizwa, mpaka bidoni ikaisha, na sikumwita mtu.