Nyumba ya Thelathini na Tisa

Katika mitaa ya nyuma ya kiwanda cha sabuni walimwita Mama Maswali. Miaka ishirini alikuwa fundi cherehani, hadi macho yakamgomea kutunga uzi. Zahanati ikamchukua awe mhudumu wa afya wa kujitolea, na majirani wakamtania kwamba ameacha sindano moja kafuata nyingine.

Mwaka ule surua iliingia mtaa wa pili. Watoto watatu wa darasa moja: macho mekundu, kikohozi kikavu, kisha vipele. Siku ya chanjo walikuja watoto wanne tu. Mganga mkuu wa zahanati alikuwa na jibu tayari. "Ni uvumi. Wamedanganyana kwamba chanjo inaua uzazi." Akampa Mama Maswali madodoso ya nyumba arobaini, ayajaze kwa siku tano.

Siku ya kwanza watu walimjibu vizuri mno. Kila mama alisema mwanawe amechanjwa, na kila kadi ilikuwa "imewekwa na baba yake". Nyumba kumi na moja, jibu moja, kama waliokariri pamoja. Nyuma ya mapazia watoto walikohoa, na mama zao wakapandisha sauti ya redio.

Kesho yake aliyakunja madodoso akayatia mkobani. Akaketi uani na kina mama waliokuwa wakifua, akavuta beseni, akauliza jambo moja. "Mara ya mwisho mlipokwenda zahanati, ilikuwaje?"

Mikono ikasimama ndani ya povu.

"Shangazi, mimi nilipoteza kadi," alisema mmoja, taratibu. "Muuguzi akaniuliza mbele ya foleni kama na mtoto nitampoteza hivyo hivyo. Watu wakacheka."

"Mimi natoka kiwandani saa kumi," akasema mwingine. "Wao saa nane wameshafunga."

Uvumi aliukuta katika nyumba mbili. Aibu aliikuta karibu kila mlango, na kikohozi kilikuwa kinamtangulia.

Nyumba ya thelathini na tisa ilikuwa ya binti yake. Nusura aipite, nani anamhoji mwanawe wa kumzaa? Binti alifungua mlango nusu.

"Mama, leo usiingie."

"Kadi ya mjukuu wangu iko wapi?"

Binti akatazama chini. "Ilipotea akiwa na miezi sita. Mtoto wa mhudumu wa afya mzima, ningewaambia nini? Sikurudi tena."

Mama Maswali alimsukuma kando akaingia. Mtoto alilala amegeukia ukuta, akiukimbia mwanga. Bibi akapapasa nyuma ya sikio. Vipele vilikuwa vimeshatoka, vidogo kama punje za mchanga.

Walimkimbiza hospitali. Njiani Mama Maswali alipita zahanati, akaweka mbele ya mganga mkuu karatasi alizoandikia maneno ya kina mama. Mganga alizisoma zote, kisha akavua miwani.

"Kumbe ni sisi," alisema.

Juma lililofuata meza ya chanjo iliwekwa langoni mwa kiwanda, saa kumi hadi magharibi. Aliyepoteza kadi aliandikiwa nyingine bila kuulizwa. Siku ya kwanza walichanjwa watoto sitini na wawili. Mama Maswali hakuwepo. Alikuwa wodini, mkono juu ya kifua cha mjukuu, akisikiliza pumzi; surua ilikuwa imemshukia mapafuni.

Mapafu yalipona. Siku ya kuruhusiwa, binti alikuwa akikunja nguo, na mtoto amesimama akitazama dirishani. Bibi akamwita. Mtoto hakugeuka. Akamwita tena, sasa karibu na sikio, akapiga makofi; mtoto akaendelea kutazama nje, na binti akaacha kukunja nguo.