Andika Hana Kazi

Dada yangu mkubwa aligongwa na kamyo ya sima, lori la saruji, pale mtaani Nyamianda, asubuhi, akiwa na beseni la ndagala kichwani, dagaa za kuuza. Kamyo ilikosa freni, ikaacha barabara na kumfuata pembeni alikokuwa akitembea. Alikufa palepale. Mume wake alikuwa ameenda zamani kwenye machimbo ya dhahabu akapotelea huko, hivyo watoto wao wawili walibaki mikononi mwa mama, nyumbani kwetu Songo.

Mwenye kamyo ana depo kubwa ya kuuzia sima mtaani Kimanga. Alikuja kwenye kilio na magunia ya mchele, soda, na mpiga picha. Alisimama karibu na jeneza, akainamisha kichwa mpaka picha ikapigwa, kisha akakiinua na kuuliza gari lake limeegeshwa wapi. Nimeona watu wengi wakiigiza huzuni. Huyu hata kuigiza aliona uvivu.

Baada yake akafika baba mkubwa, kaka ya marehemu baba, anayekaa huko bonde la Ruzizi. Baba alipokufa hakuja. Dada alipozaa hakuja. Safari hii aliwahi kabla ya kaburi kuchimbwa, amevaa koti, akatangaza kwamba mahari ya dada haikumalizika, kwa hiyo binti alikuwa bado wa ukoo, na mambo ya fidia yatapitia kwake. Wazee wakakubali huku wakitafuna mchele wa mwenye kamyo. Mama na mimi ni wanawake. Hakuna aliyetuuliza.

Kwenye bilo ya asiransi, ofisi ya bima ya ile kamyo, tulikaa watatu mbele ya bwana mmoja mwenye tai na feni aliyoielekeza usoni kwake mwenyewe. Baba mkubwa alisema kwamba marehemu alikuwa kama mtoto wa tumbo lake. Bwana akamuomba majina ya watoto wa huyo mtoto wa tumbo lake. Baba mkubwa akakohoa. Mama akayataja. Kisha ikaulizwa kazi ya marehemu.

“Alikuwa anauzisha ndagala,” mama akasema.

“Iko na karatasi ya mshahara?”

“Hapana.”

Bwana akamgeukia karani wake. “Andika hana kazi.”

Mama akauliza bila kupandisha sauti: “Kama hakukuwa na kazi, saa ile ya asubuhi alikuwa anaenda wapi?”

Bwana akaeleza habari ya sheria, kwa Kifaransa, kwa sababu alijua mama hakisikii. Baba mkubwa akamkanyaga mama mguu ili asiharibu mambo, akachukua kalamu, akatia saini. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyowahi kuuona kwenye jembe.

Fidia ikawa pikipiki ya baba mkubwa. Mama alipelekewa kitenge kimoja, tena cha rangi inayochuja. Alikitandika mlangoni, tukawa tunafutia miguu.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini Jumatatu moja mama aliwaogesha wale watoto, akawavalisha nguo za kanisani, akaenda nao Kimanga, akatandika mkeka mbele ya depo. Hakulia, hakutukana. Mteja akiuliza wale ni watoto wa nani, alimwambia mama yao aliuawa na kamyo ya sima hii. Wengine walimpa pole na kuingia. Wengine walivuka barabara wakanunua kwingine. Polisi aliyeitwa kumfukuza alikuwa mteja wa dada wa miaka mingi. Alimsalimia mama akaondoka zake. Kesho yake mama alirudi, na kesho kutwa, mpaka wiki ikaisha.

Mwenye kamyo akatoka mwenyewe, jasho linamtiririka. Alisema fidia ilishalipwa kwa ukoo. Mama akamjibu kwamba ukoo haupeleki watoto shuleni. Basi akakubali kuwalipia masomo mpaka wamalize, mbele ya mchungaji wetu na majirani. Moyo wake haukuguswa, nisimsingizie wema. Sima ilikuwa inalala depo bila wanunuzi.

Analipa mpaka leo, na hilo limempandisha kichwa. Mwaka huu shule zilipofunguliwa alikuja mwenyewe, akasimama uani mwa shule mbele ya wazazi wengine, akangoja. Nilijua anachongoja. Mkubwa wa shule pia alijua, akamnong’oneza mama atoe neno la shukrani.

“Aksanti ni ya mutu anayetoa,” mama akamwambia mwenye kamyo. “Weye unalipa.”

Wazazi wakaangalia chini. Mwenye depo alitafuta funguo za gari lake katika mifuko yote, na mama akawapangusa watoto vumbi viatuni, akawaambia waingie darasani.