Mbuzi Hapigi Mswaki

Mkaa uliosagwa ukilowa maji una harufu yake, na hadi leo nikiinusa ulimi wangu hukimbilia meno ya mbele. Niliuonja mkaa huo kila asubuhi nikiwa darasa la nne, nyuma ya nyumba ya mama mdogo, Ngarenaro, mjini Arusha.

Nilishuka kwake kutoka kwetu, magharibi ya Mlima Meru, nikiwa na meno ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Kwetu hakuna aliyeyashangaa, maana wote tulikuwa nayo. Lakini watoto wa mama mdogo walikulia Moshi kwa baba yao, na meno yao yaling'aa. Shuleni mimi niliitwa Kutu. Mama mdogo akasaga mkaa, akachanganya na chumvi, akanisimamia.

"Sugua! Watasema dada yangu hakukulea."

Nilisugua mpaka nikatema damu. Rangi haikutoka. Nikajifunza kucheka nimefumba mdomo, na niwaambie ukweli, niliamini kabisa kwamba mimi ni mchafu.

Likizo nilirudi nyumbani. Siku moja nilimshika mbuzi taya ili baba amnyweshe dawa ya minyoo, nikayaona meno yake: ya kahawia, yenye michirizi kama yangu. Nikaganda pale.

"Mwachie basi," baba akasema, "au unataka kumposa?"

Nilirudi mjini na swali langu, nikalitoa siku mbaya. Jumuiya ya kanisa ilikuwa imesali nyumbani kwa mama mdogo, watu wamekaa na vikombe vya chai. Jirani yetu Mama Glori akanitazama mdomoni.

"Huyu naye! Huko kwao mswaki hawaujui?"

"Mbuzi wetu nao wana meno haya haya," nikajibu. "Kwani mbuzi wa Moshi, nani anawapigisha mswaki?"

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Nikamgeukia mama mdogo anitetee, nikamkuta ameziba mdomo kwa kitenge. Hapo nikakumbuka kwamba sijawahi kumwona akicheka bila kujiziba.

"Mama mdogo, kwa nini huwa unajiziba?"

Kicheko kikakatika. Akakusanya vikombe, hata vilivyokuwa na chai, akaingia jikoni. Nilitamani sakafu inimeze.

Asubuhi nilimkuta amechuchumaa nyuma ya nyumba na kopo la mkaa, anasugua meno yake, ya kahawia kama yangu. Hakujificha. Akatema, akauliza taratibu, "Mbuzi wa kwetu kweli?"

"Kweli."

Akaumwaga mkaa kwenye shina la mgomba.

Shule niliiacha mapema, nikazunguka na vibarua vya kila aina. Kwenye kazi moja ya kuchimba kisima niliwauliza mafundi wa maji swali langu la meno. Wakasema maji ya kwetu yana madini ya floraidi, huingia kwenye jino na kulitia kahawia likiwa bado ndani ya ufizi, na hakuna mkaa wa kuyatoa. Kumbe mama mdogo alikuwa na swali lile kabla sijazaliwa. Alikosa tu pa kuliuliza bila kuchekwa.

Nilimpigia simu pale pale, kando ya shimo. Nikamweleza yote.

"Kwa hiyo hatukuwa wachafu?"

"Hapana, mama mdogo," nikasema, mkono ukiwa umeziba mdomo, na hapakuwa na mtu aliyenitazama.