Benchi la Losalini halitakaa tupu

Jua linachungulia nyuma ya mashamba ya miwa, na Unaisi Raikadroka yuko ndani ya Mto Ba hadi kifuani. Anakwenda polepole, akipapasa tope kwa nyayo. Akikanyaga kitu kigumu anajizamisha, maji yanafunga juu ya kichwa chake, kisha anaibuka na kome wawili watatu kiganjani na kuwatupia kwenye beseni alilolifunga kiunoni kwa kamba.

Leo anawatupa kwa nguvu. Beseni linalia.

"Jaji anasoma hukumu leo," anasema, akijifuta maji usoni. "Mahali pangu ni kule mahakamani. Lakini niko huku, nagombana na kome."

Unaisi ana miaka hamsini na nne. Ameuza kome wa mtoni katika soko la Lautoka tangu binti yake wa kwanza alipokuwa wa kubebwa mgongoni. Fungu moja ni dola tano. Siku ya mvua, mto ukichafuka, anarudi Ba na nauli tu.

Kesi aliyokuwa akiifuata hakuna asiyeijua. Savenaca Dokonivalu, mchezaji wa raga ambaye uso wake ulikuwa kwenye mabango ya barabara kuu, anashtakiwa kwa kumuua mkewe, Losalini, mwenye umri wa miaka ishirini na saba. Yeye anasema mkewe aliteleza bafuni. Daktari aliyeuchunguza mwili anasema hakuna bafu linaloweza kumpiga mtu namna ile. Redio imekuwa ikisimulia kila siku, na jioni wanaume wanabishana juu ya bakuli la kava, kinywaji cha mizizi, huyu akimtetea mchezaji wake, yule akimlaani.

"Siku ya kwanza nilikwenda kuchungulia tu, kama watu wote," anasema Unaisi. "Nilitaka kuona jitu lile limevaa tai."

Alichokiona kilimkaa rohoni. Upande wa kulia wa ukumbi walikaa watu wa Dokonivalu, wamebanana mpaka ukutani, mashati ya kitambaa kimoja kana kwamba wako arusini. Upande wa kushoto, ambapo wangekaa watu wa Losalini, palikuwa na benchi tupu.

Sababu yake kila mtu wa hapa anaijua. Kabla udongo wa kaburi haujakauka, wazee wa Dokonivalu walivuka kwenda visiwa vya Yasawa, wakawakabidhi wajomba wa Losalini jino la nyangumi, zawadi ya kimila ya kuombea jambo kubwa, wakaomba msamaha. Wajomba wakalipokea. Jino likishapokelewa, ugomvi umekwisha. Kwenda tena kukaa mahakamani na kumkodolea macho mshtakiwa ni kulitemea mate.

Kwa hiyo hakuja mtu. Unaisi alikaa kwenye benchi lile kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi, na mfuko wake wa kome ukawa unadondosha maji sakafuni.

Ndipo wakili wa utetezi akasimama. "Mheshimiwa Jaji," alisema, akinyoosha mkono upande wa kushoto, "familia ya marehemu imeshasamehe. Ndiyo maana hata hawapo."

"Mkono wake ulinielekea mimi," anasema Unaisi. "Akanitazama kama kapu lililosahauliwa na mtu. Nikasema moyoni, vizuri. Kesho utaniona tena."

Akarudi kesho yake. Akarudi na siku zilizofuata, wiki baada ya wiki. Alikuwa akizamia mtoni asubuhi na mapema, anapanga mafungu sokoni, anamwachia meza jirani yake, kisha anakwenda mahakamani kwa miguu. Siku hizo alipata nusu ya mauzo yake ya kawaida. Hakuwa ndugu wa Losalini. Alikuwa akimuuzia kome tu, kila Ijumaa, msichana alipotoka zamu ya usafi hotelini.

"Alichagua wadogo. Alisema wakubwa wana ladha ya tope, wapikiwe wageni. Nikawa namtengea. Ijumaa baada ya kifo chake nilimtengea vilevile, mkono ulishazoea. Nililitazama lile fungu mpaka soko likafungwa."

Hasira yake haikuishia mahakamani. Kanisani kwao, mhubiri mmoja aliomba Mungu amtie nguvu Savenaca katika majaribu yake, na kusanyiko likasema amina. Unaisi alisimama kati ya watu na kusema kwa sauti, "Na Losalini." Hapakuwa na amina.

"Nasali, sijaacha," anasema. "Lakini nasali kama mtu aliyesimama mlangoni anagonga na kujua wenye nyumba wamo ndani. Mungu ananijua. Hajanikemea mpaka leo."

Ni watu waliomkemea. Na kabla ya kumkemea walimbembeleza.

Jumamosi moja, wiki mbili zilizopita, gari jeupe liliingia kijijini kwao. Wakashuka wazee wa Dokonivalu na msemaji wao, wakaelekea nyumbani kwa Apolosi, kaka mkubwa wa mume wa Unaisi, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Unaisi alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa mabati, akikaanga samaki wa wageni bila kujua wageni ni nani.

Alisikia neno kwa neno. Msemaji alisema kuna mwanamke wa nyumba hii anayekaa mahali pasipo pake. Alisema uwepo wake unawaumiza wazee. Wanaomba apumzike nyumbani.

"Nilisubiri shemeji aseme, 'Ngojeni nimwite.' Nilikuwa hatua chache tu, na mwiko mkononi. Nikasikia makofi. Yale makofi ya kupokea. Amepokea."

Aliingia ndani na sinia la samaki. Jino lilikuwa mapajani mwa Apolosi, kubwa, la rangi ya asali, kamba yake imesukwa vizuri. Apolosi alikuwa akilipapasa kama mtu anayepapasa paka. Mume wake, Mosese, alikuwa ameinamisha kichwa anatazama mkeka.

"Shemeji," alisema Unaisi, "umepokea nini?"

"Heshima," alijibu Apolosi. "Ukoo kama ule umeingia nyumba hii. Unajua lini mara ya mwisho tuliletewa jino la ukubwa huu?"

"Mimi umeniuliza?"

"Wewe mke wa mdogo wangu. Nikuulize kwa lipi?"

"Kwa hilo la kukaa. Makalio ni yangu."

Mzee mmoja wa wageni alikohoa. Apolosi alimwambia aweke samaki chini na atoke. Akaweka. Akatoka. Na Jumatatu hakwenda mahakamani, kwa sababu angeenda, angekuwa amewavua nguo watu wa nyumba yake mbele ya nchi nzima, na hilo hata mtu mwenye hasira kama yeye hulifikiria mara mbili.

Alifika sokoni amevimba uso. Jirani yake wa meza, Phulmati, mama wa Kihindi anayeuza pilipili na biringanya, alimtazama mara moja tu.

"Shoga, nani kafa?"

Unaisi akamweleza. Phulmati alisikiliza huku akichambua pilipili zilizooza na kuzitupa.

"Hilo jino walimpa shemeji yako," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Linakufunga wewe na nyumba yako."

"Ndiyo, Phulmati, unataka kunikumbusha mpaka nilie?"

"Nakuuliza tu. Mimi shemeji yangu yuko Brisbane anaendesha teksi. Wamempelekea?"

Phulmati alivua aproni, akaomba kitenge cha kujifuta mikono, akaenda nyumbani kujitayarisha.

Siku iliyofuata alikwenda mahakamani amevaa sari aliyoivaa kwenye harusi ya mwanawe, ya kijani yenye pindo la dhahabu. "Mlinzi kaniuliza mimi ni nani wa marehemu," anasimulia Phulmati asubuhi hii kabla ya kwenda mahakamani, na soko zima limeshaisikia hadithi hii lakini linanyamaza kuisikia tena. "Nikamwambia, alikuwa anakula pilipili zangu. Kaniangalia. Nikamwambia, kijana, wewe mkeo akifa, nani atakayemkumbuka kuliko aliyemuuzia chakula? Akanipisha. Nimeingia, wale wa mashati wananitazama kama nimekuja na mbuzi. Nikakaa. Yule wakili kageuka kutazama benchi lake tupu, kanikuta mimi natafuna karanga."

Baada yake alikwenda muuza mihogo. Kisha muuza maua, ambaye babu zake walitoka visiwa vya Solomon. Kisha dada wawili wa Kichina wenye meza ya vitunguu, ambao hawasemi na watu na walikaa siku nzima bila kusema na mtu. Meza ya aliyekwenda iliangaliwa na waliobaki. Siku za mwisho za kesi benchi la kushoto lilijaa wanawake wanaonuka tangawizi na samaki.

Gari jeupe lilikuja tena. Safari hii lilisimama nje ya soko. Msemaji alishuka na kifurushi cha kitambaa, akauliza mzee wa hapa ni nani, apate kuzungumza naye.

Wanawake walitazamana.

"Mzee wa wapi?" aliuliza muuza mihogo.

"Wa hapa. Wa kupokea."

"Baba, hapa kila mtu ana meza yake," alisema Phulmati. "Ukitaka kuomba, anza na ile ya kwanza pale mlangoni, uje mpaka huku mwisho. Una meno mangapi kwenye gari?"

Kicheko kilimsindikiza msemaji hadi kwenye gari. Wazee wa Dokonivalu walizoea kwamba penye watu pana mkubwa wao, na ukimshika mkubwa umewashika wote. Sokoni hawakumpata.

Unaisi anasimulia hayo bila kucheka. Ni mchana sasa, yuko nyuma ya meza yake, kome wamepangwa mafungu mafungu, na simu ya Phulmati imelazwa juu ya gunia, redio ikiwaka. Phulmati mwenyewe yuko mahakamani na sari yake ya kijani. Wateja wanafika, wanauliza bei, hawajibiwi, nao wanabaki kusikiliza.

Mtangazaji anasema jaji amemtia hatiani Savenaca Dokonivalu kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Adhabu itatangazwa Jumatatu ya wiki ijayo, baada ya utetezi kuleta maombi ya kupunguziwa, ukiwemo ushahidi kwamba familia ya marehemu imesamehe kwa mila.

Muuza maua anaanza kulia. Mtu anapiga makofi, anajikuta peke yake, anaacha. Unaisi anachukua maji, anawarushia kome wake wasikauke.

"Mmesikia?" anasema. "Imesamehe. Bado wanalitembeza lile jino. Wanataka kulipandisha mpaka kwenye meza ya jaji."

Simu inalia. Anadhani ni mtu anayetaka kusimuliwa hukumu. Ni sauti ya mwanamke, ya mbali, upepo umejaa ndani yake.

"Namtafuta yule mama wa Kihindi anayemkalia mwanangu benchi la mahakamani."

Ni Taraivini, mama yake Losalini, anapiga kutoka kisiwani. Namba amepewa na mabaharia wa boti ya abiria. Unaisi anageukia ukuta. Anasikiliza muda mrefu, akisema tu "ndiyo, dada" na "ndiyo." Anapomaliza, macho yake ni mekundu lakini makavu.

"Anasema walilipeleka jino kwa kaka zake," anatueleza. "Walikula, wakalala, wakaondoka. Yeye alikuwa nyumba ya pili anakunja nguo za mwanawe. Anasema, 'Mimi ndiye niliyemzaa, na mimi sijaulizwa mpaka leo.' Anakuja na boti ya Jumamosi. Kaka zake wamemwambia akipanda boti, asirudi. Ameshakata tiketi. Ameniuliza kama pale kwenye benchi kuna nafasi ya mtu mmoja."

"Ukamwambiaje?" anauliza muuza mihogo.

"Nimemwambia ni lake. Sisi tulikuwa tunamshikia."

Apolosi naye ameshasema lake. Unaisi akionekana mahakamani, atoke kwenye ardhi ya ukoo yeye na sufuria zake. Hilo si tishio dogo. Nyumba anayolala, shamba la mihogo, hata njia ya kushukia mtoni, vyote viko kwenye ardhi hiyo.

Mosese, mumewe, hakuwa amesema neno juu ya jambo hili tangu siku ya samaki. Asubuhi hii Unaisi alipotoka majini alimkuta ukingoni, anampakilia magunia kwenye gari la kuazima. Alifunga kamba ya mwisho, akaivuta kuona kama imekaza.

"Wakimtia hatiani, siku ya adhabu," alisema, "nitakupeleka mimi."

"Na kaka yako?"

"Nitarudi kuongea naye nikishakushusha."

Unaisi anasema alitaka kumgombeza kwa kuchelewa, maana alikuwa na maneno ya wiki mbili yamepangwa. Akaingia garini.

Jumatatu ijayo hatauza. Atazamia kome wachache tu, wale wadogo, wa kumpikia Taraivini kwa tui la nazi wakitoka mahakamani, kama alivyowapenda mwanawe. Atavaa nguo nyeusi. Atakaa benchi la kushoto, Taraivini katikati, Phulmati upande wa pili, na wengine watakaopenda watabanana.

"Wakileta jino jingine, walilete mkononi mwangu, mbele ya mama yake," anasema, akizoa kome waliobaki na kuwarudisha kwenye ndoo. "Na mimi nitawaambia wakae chini wasubiri. Jaji bado anasoma."