Mjomba, Musa na Kamati ya Mazishi

Kiwanda cha magari cha Longbridge, hapa Birmingham, kilipofungwa, wenzake Mjomba walitafuta kazi ya teksi. Yeye alimtafuta Farao. Alikuwa kaka ya mama yangu, hana mke wala mtoto, na alikuwa amekuja kukaa kwangu Great Barr kwa wiki chache, akasahau kuondoka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ila bustani yangu ilikuwa saruji tupu.

Kila asubuhi alivaa tai akaenda maktaba kama mtu aendaye ofisini, na jioni alirudi na habari ambazo sikuzihitaji. Mimi nimetoka zamu ya kuwageuza wazee wa Kiingereza vitandani, nasonga ugali, naye ananieleza kwamba makuhani wa Misri walinyoa mwili mzima, wakavaa kitani, wakatahiriwa, na yote hayo kabla Musa hajazaliwa.

"Unaona?" aliniuliza.

Nilichoona ni kwamba ugali ulikuwa unaungua.

Angebaki na Wamisri wake jikoni kwangu, tungeishi kwa amani. Lakini kila Jumamosi jioni Wakenya tulikusanyika kwa ibada sebuleni kwa pasta, Shard End. Siku za kazi pasta alikuwa mhudumu wa wazee kama mimi. Jumamosi alikuwa sauti ya Mungu, na sauti hiyo haikupenda kukatizwa. Mpita njia angedhani tunakwenda pale ili tufike mbinguni. Mbinguni tungefika hata kwa kusali bafuni. Tulikwenda ili tufike nyumbani. Mkenya akifa Birmingham, wenzake wa ibada ndio wanaokaa kamati, wanachanga, wanapigana na makaratasi, mpaka mwili upande ndege ukazikwe kwao. Anayezikwa ughaibuni, kijijini watasema ametupwa. Kwa hiyo tuliimba kwa bidii, tulileta chapati, na hatukubishana na pasta.

Mjomba alibishana na pasta.

Somo lilikuwa Sanduku la Agano. Pasta alieleza, jasho likimtoka, kwamba Mungu alimwonyesha Musa kitu ambacho jicho la mwanadamu halijawahi kuona mfano wake. Mjomba akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Pastor, mfano ulikuwepo. Wamisri walikuwa wanabeba miungu yao ndani ya sanduku, na miti ya kubebea, kwa mabega ya makuhani. Na hekalu lao lilikuwa na ua, halafu ukumbi, halafu karoom ka giza huko ndani kabisa. Kwani haikukumbushi kitu?"

"Kwa hivyo unasema Musa alicopy?"

"Nasema alisoma. Amelelewa kwa Farao, angejifunzia wapi, Nakuru? Mungu aliongea na yeye kwa vitu anajua."

Mama mwenyekiti wa kamati ya mazishi alikohoa. Kikohozi hicho sote tulikielewa, isipokuwa yule aliyekusudiwa.

"Mzee," pasta alisema, "hapa tunahubiri Mungu aliyewatoa watu wake Misri. Kama wewe unataka kurudi huko, mlango ndio ule. Chagua, ni Farao ama ni sisi."

Mjomba alichukua koti lake. Alichukua na chapati mbili.

Garini nilimfokea tangu Shard End hadi Great Barr. Alikiri kwamba wataalamu wenyewe wanabishana, kwamba hakuna anayejua kwa hakika Waebrania walichukua nini Misri na nini walikuwa nacho tayari. Sebuleni hakulisema hilo, maana lingemharibia utamu.

"Mjomba, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Hao ndio watakupeleka home."

"Hata wakunga wa Waebrania walikuwa kwa payroll ya Farao," alisema, akacheka peke yake mpaka tukafika.

Msimu wa baridi uliofuata hakucheka sana. Daktari alinieleza hali ya ini lake kwa upole ule wa Kiingereza ambao husema kila kitu ila neno kufa. Siku hiyo Mjomba aliniambia jambo moja tu: "Nipeleke kwa mama." Mama yake, nyanya yangu, amelala nyuma ya nyumba yetu ya kijijini. Nilimwahidi, kisha nikaenda kulia kwenye ngazi za hospitali, kwa sababu peke yangu nisingeweza, na wale ambao wangeweza alikuwa amewapa kisogo.

Nikampigia pasta simu. Alikuja moja kwa moja kutoka zamu, bado amevaa sare, uso umejaa rehema.

"Kamati imekaa," alisema. "Tuko tayari kusimama na nyinyi. Ni kitu kidogo tu. Mzee atubu. Akane hayo mambo ya Misri, nikiwa shahidi."

Nilitamani kumtwanga kwa beseni lililokuwa karibu. Nilimchukia, na nilimhitaji. Nilimwinamia Mjomba nikamnong'oneza aseme tu ndiyo, uongo mdogo, Mungu ataelewa. Alinisogeza kando kwa mkono. Alimtazama pasta.

"Pastor. Yakobo alikufia wapi?"

"Misri."

"Na alitaka kuzikwa wapi?"

"Kwa baba zake. Kanaani."

"Nani alimpaka dawa asioze njiani?"

Pasta alivuta kiti, akakaa. "Matabibu wa Misri."

"Na nani walimsindikiza mpaka kaburini?"

"Wanawe."

"Na nani tena?"

"Watumishi wa Farao," pasta alisema polepole. "Na wazee wa Misri."

Mjomba alipumzika kidogo. Pumzi ilikuwa shida.

"Walimwambia akane Mungu wake kwanza?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa anatazama mchezo wa maswali kwenye runinga, na watu wakapiga makofi humo ndani. Pasta alitazama mikono yake, mikono iliyokuwa imeosha wazee wa watu tangu asubuhi. Kisha akasogeza kiti karibu na kitanda.

"Mzee," alisema, "kaburi la mama yako liko upande gani wa nyumba?"